Chupa Isiyopungua

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo hata nikaona aibu kumweleza mtu. Kwa nini sabuni ya Bi Mwanahawa ilikataa kutoa povu? Mita yangu ilisema maji ya kisima chao yanafaa. Ulimi wake ulisema yana chumvi. Kimojawapo kilikuwa kinakosea, nami nilikuwa nimeshatia sahihi upande wa mita.

Nitafika huko. Kwanza niseme kwa nini naandika. Katika maabara yetu ya maji hapa Kibiti kuna kaunta buku ambalo kila anayeondoka huandika humo neno kwa wanaobaki. Mzee Mkumba, aliyekuwa fundi wa maabara tangu kabla sijazaliwa, aliandika mstari mmoja siku aliyostaafu: "Maji hayana haraka, mpimaji ndiye mwenye haraka." Akafunga kalamu, akaenda kula pilau yake ya kuagwa. Mimi nina miaka ishirini na tisa, kwa hiyo siwezi kujiita mstaafu bila watu kucheka. Mkataba wa mradi ulioniajiri umekwisha, nami nimekwisha pamoja nao. Na kwa kuwa najijua, mstari mmoja hautanitosha.

Siku ya kwanza nilifika na faili la vyeti, kalamu tatu na hofu. Nilikuwa nimetoka chuoni miezi michache nyuma, na usiku kucha nilikuwa nimejiuliza kama nivae koti jeupe tangu nyumbani au nilivalie hukohuko. Nilimkuta Mzee Mkumba akiosha glasi. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ndiye mtaalamu?"

"Shikamoo, Mzee. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Haya, mtaalamu, pima maji ya kikombe hiki. Mara kumi."

Nilipima mara kumi. Nikapata namba kumi, hakuna mbili zilizofanana kabisa. Nikaanza kutokwa jasho. Nikamuuliza ipi ndiyo sahihi.

"Zote ni za maji yaleyale," akasema. "Andika zote, kisha uache kuhema. Unawatisha mende."

Kuanzia wiki ile akaniita Bi Shaka. Sikumlaumu. Nilikuwa narudi kutoka kituo cha bodaboda kuhakikisha kwamba nimefunga mlango wa maabara, na nikishahakikisha nafika kituoni nikijiuliza kama kwa kuhakikisha sijaufungua.

Chombo chetu kikuu kilikuwa mita ya chumvi. Ina mwili wa plastiki ya njano, ufa mmoja uliozibwa kwa plasta ya vidonda, na waya unaoishia kwenye kijiti. Ukichovya kijiti majini, mita hupitisha umeme kidogo sana na kupima unavyosafiri. Chumvi ikiwa nyingi umeme hupita kwa urahisi, na namba hupanda. Lakini mita haijui chochote yenyewe. Kila asubuhi lazima uichovye kwenye maji ya kipimo, yaliyotengenezwa kiwandani, ambayo chumvi yake inajulikana. Yetu yalikuwa ya elfu moja mia nne kumi na tatu kwa namba za mita. Unaiambia mita, "Hii ndiyo elfu moja mia nne kumi na tatu," nayo inaamini, na siku nzima itapima kila kitu kwa imani hiyo. Vitabu vinaita kalibresheni. Mzee Mkumba aliita kuisomesha mita. "Ukiisomesha uongo asubuhi," alisema, "jioni itakuwa imeusambaza mpaka Ngarambe."

Maabara haikuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi, na maji ya kipimo hayapendi joto. Yeye aliweka chupa yake ndani ya mtungi wa udongo uliofunikwa kwa kitambaa kibichi. Wakaguzi waliokuja siku moja waliuangalia mtungi ule kwa muda mrefu, wakapima ubaridi ndani yake, wakaondoka bila kusema neno. Kwenye mlango wa kabati alibandika karatasi ya grafu. Mita ikishasomeshwa huonyesha pembeni namba ndogo, ambayo ni kiasi ilichojirekebisha. Kila asubuhi aliweka nukta moja ya namba hiyo. Nukta zilijipanga kama mchwa wanaoelekea mahali pamoja. Nilidhani ni mazoea ya mtu mzima.

Baada ya kuisomesha mita, aliyachukua yale maji ya kipimo yaliyobaki kikombeni, kiasi cha nusu glasi ya chai, na kuyamwaga karoni. Mwili wangu ulisisimka kila mara. Siku moja akaniona.

"Unanitazama kama nimemwaga mchuzi wa harusi."

"Mzee, hayana hata uchafu."

"Kijiti kimeyagusa. Yakishatoka chupani hayarudi."

Lakini lazima mjue nimelelewa wapi. Nimelelewa na bibi yangu upande wa delta, ambako maji yanafika mpaka kizingitini na huwezi kuyanywa. Maji matamu yalikuja kwa boti, ndani ya madumu. Ukinywa kikombe usikimalize, kilichobaki kilirudi mtungini. Mtoto aliyemwaga maji matamu mchangani alifinywa sikio. Mimi nilifinywa mara mbili, ya tatu haikuhitajika. Kwa hiyo kila asubuhi nilipomwona mtu mwenye akili zake anamwaga karoni maji yaliyosafiri kutoka Dar es Salaam, sikio langu lilipata moto.

Mzee Mkumba alipostaafu alirudi kwake Umwe kulima. Aliniachia funguo, mtungi, na chupa ya maji ya kipimo ambayo alikuwa ameifungua wiki ileile. Nyingine tuliagiza. Ya kwanza ilifika imepasuka. Ya pili ilifika baada ya wiki nyingi, na mkuu wetu wa maabara akaifungia kabatini mwake kwa ajili ya siku ya ukaguzi. Nikabaki na ileile ya mtungini, nikiitazama kama mtu anavyotazama unga wa mwisho.

Hapo ndipo nilipoanza kurudisha masalio chupani. Ningependa kuandika kwamba niliamua. Sikuamua. Asubuhi moja mkono uliinua kikombe na badala ya kwenda karoni ukaenda kwenye chupa, taratibu, bila kudondosha hata tone, kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka sita. Kesho yake ukafanya tena. Mimi ninayetilia shaka kila kitu, sikuutilia shaka mkono wangu mwenyewe. Na nukta za grafu niliziacha, kwa sababu nilikuwa naandika namba kwenye kompyuta, kila siku kwenye mstari wake, na nilijiona nimeendelea.

Kazi zilikuja. Mzee mmoja alileta maji ya kisima cha Ngarambe kwenye chupa iliyokuwa na juisi ya ukwaju, akashangaa nilipomwambia kisima chake kina sukari. Shule moja ilileta ndoo nzima, ikiwa na chura. Nilipima, nikaandika majibu, nikatia sahihi. Nilihakikisha tahajia ya kila jina mara tatu.

Kisha ikaja kazi ya kikundi cha akina mama wa Maparoni, kule delta. Walikuwa wamechimba kisima kwa mikono ili wamwagilie kitalu cha mpunga mapema, miche iwe tayari mto utakapoleta maji mashambani. Mbegu waliyokuwa nayo ilikuwa ile waliyoiweka akiba kutoka mavuno yaliyopita, na mavuno hayo hayakuwa mazuri. Hawakuwa na nyingine. Walituma chupa safi, imeandikwa vizuri kuliko za shule nyingi. Kikomo chetu cha maji ya kitalu ni elfu mbili. Yao yalisoma elfu moja mia tano themanini. Nikaandika: yanafaa.

Jumatatu nikawapelekea jibu mwenyewe. Ilikuwa sehemu ya kazi, lakini pia nilitaka kurudi upande wa nyumbani nikiwa mtu mwenye jibu. Mwenyekiti wao, Bi Mwanahawa, alinipokea kisimani akiwa na ndoo. Ni mwanamke mfupi, mikono imekomaa kwa kukata mikoko enzi za ujana wake, na hana desturi ya kunong'ona.

Nikamwamkia, nikampa karatasi. Akampa mwenzake aisome. Alipomaliza kusikiliza, akachota maji, akayasukasuka mdomoni, akayatema.

"Mwanangu, haya yana munyu."

"Kidogo, mama. Lakini yako chini ya kikomo."

"Kikomo cha nani?"

"Cha mpunga."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kipande cha sabuni, akakisugua kwenye maji ya ndoo. Sabuni ikaacha utando mweupe kama ukoko wa uji. Povu hakuna.

"Sabuni nayo haijasoma," alisema mmoja.

"Hebu mwacheni mtoto wa watu," Bi Mwanahawa akawaambia. Kisha akanigeukia. "Mie nina ulimi, wewe una mashine. Mie sijaenda shule kubishana na mashine. Ukisema yanafaa, Ijumaa tukitoka kuswali tunaloweka mbegu, Jumamosi tunamwaga kitaluni. Na mbegu ikishalowekwa, mwanangu, hairudi ghalani. Unasema yanafaa?"

Nikasema yanafaa.

Siku tatu zilizofuata sikulala vizuri na sikula vizuri. Nilibadilisha betri za mita. Nilipima joto la chumba. Nilinunua sabuni ya aina ileile dukani, nikafua leso yangu kwa maji yaliyobaki kwenye chupa yao. Sabuni ikakataa. Nikafua kwa maji ya bomba, povu likajaa beseni. Nikajiambia kwamba sabuni hukataliwa na vitu vingi, si chumvi tu, na hilo ni kweli, lakini nilijiambia mara nyingi mno.

Alhamisi asubuhi nikampigia Mzee Mkumba. Akapokea akihema.

"Nani?"

"Shikamoo, Mzee. Ni mimi, Bi Shaka."

"Marahaba. Sema haraka, tumbili wako kwenye mahindi."

Nikamweleza kisima, sabuni, ulimi wa Bi Mwanahawa. Nikamweleza betri na joto la chumba. Nikasikia akimtupia mtu au mnyama kitu. Kisha akauliza:

"Maji ya kipimo mnatumia chupa ipi?"

"Ileile uliyoniachia. Mpya imefungiwa kabatini kwa Mkuu."

"Imebaki kiasi gani?"

Nilikuwa nimeishika mkononi. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Imepungua kidogo tu, Mzee. Iko karibu na mabega."

Akaacha kufukuza tumbili.

"Mita unaisomesha kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Sijaruka hata siku moja."

"Kila asubuhi tangu niondoke, na chupa iko mabegani?" Sasa hakuwa anahema tena. "Binti, chupa ya kipimo isiyopungua ni chupa ya mganga. Hiyo haimo maabara."

Nilihisi sikio likiwaka moto, lilelile alilolifinya bibi.

"Nenda kaifungue iliyofungwa," akasema, kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali. "Usilie kwanza. Pima kwanza."

Iliyofungwa ilikuwa kabatini kwa mkuu. Aliposikia naitaka, aliweka chai mezani.

"Hiyo ni ya wakaguzi."

"Mkuu, nadhani nimeharibu ya zamani. Nimekuwa nikirudisha masalio."

"Unadhani au unajua?"

"Nikifungua hiyo nitajua."

Aliisogeza chai kando, akatoa funguo. Namwandika hapa kwa haki: angeweza kukataa.

Nikaisomesha mita kwa chupa mpya. Namba ndogo ya pembeni ikaruka kama mtu aliyekanyagwa mguu. Kisha nikachovya kijiti kwenye chupa ya zamani, ambayo ilipaswa kusoma elfu moja mia nne kumi na tatu. Ikasoma elfu moja mia tisa na tatu. Kila asubuhi kijiti kiliacha humo alama ya maji ya chumvi kilimokuwa kimechovywa jana yake, na kila asubuhi joto lilichukua maji kidogo na kuacha chumvi. Mimi nikaendelea kuiambia mita kwamba hii bado ni ileile. Nayo, kwa kuniamini, ikawa inapunguza chumvi ya kila kisima ilichokutana nacho. Nikafungua kompyuta, nikashuka na zile namba ndogo kutoka juu hadi chini, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Zilikuwa zimepanda ngazi mwezi hadi mwezi. Nukta za penseli zingeniambia mapema, kwa sababu nukta huonekana mtu akipita tu kuchukua ufagio.

Maji ya Maparoni yaliyobaki yalitosha kuchovya kijiti. Yakasoma elfu mbili mia moja ishirini na tano.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akavuta kiti.

"Haya. Jumatatu tutaandika barua kwenye ngazi zinazohusika. Tutasema mashine ilipata hitilafu."

"Wanaloweka mbegu kesho, Mkuu."

"Wapigie simu."

"Nimepiga tangu nilipoongea na Mzee Mkumba. Haipatikani."

"Basi tuma mtu awaambie mashine iliharibika. Ni kweli, si ilisoma vibaya?"

"Mashine haikuharibika. Niliidanganya."

"Binti." Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Unajua tutaitwaje? Mtu akija na maji yake hapa kesho, ataamini nini? Na wewe mkataba wako unafika mwisho. Unataka hiki ndicho kiwe cha mwisho kwenye faili?"

Kwa mtu kama mimi, maswali matatu ni usiku mzima. Niliyachukua yote matatu nyumbani. Niliona sura ya kila mtu niliyempa jibu tangu Mzee Mkumba aondoke. Nikawaza kwamba nikisema ni mashine, wataamini, na siku nyingine Bi Mwanahawa ataweka tena ulimi wake pembeni kwa ajili ya karatasi. Nikawaza pia kwamba labda nakuza mambo, kama kawaida yangu. Hilo la mwisho nililipima kwa namna moja tu niliyoiweza: elfu mbili mia moja ishirini na tano haikuwa hisia yangu.

Alfajiri ya Ijumaa nilifunga mita na chupa mpya kwenye sanduku, nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, nikapata boti. Nilifika Maparoni saa nne asubuhi. Magunia ya mbegu yalikuwa yameshatolewa, yameegemezwa kando ya kisima, na mabeseni yamepangwa mstari, baadhi yakiwa na maji tayari. Wanawake wapatao kumi walikuwepo. Mmoja alikuwa anafungua uzi wa gunia.

"Msiloweke," nilisema, bila hodi wala salamu, jambo ambalo bibi yangu angenifinyia sikio la pili.

Bi Mwanahawa akaniangalia kuanzia viatu vyenye tope. "Mashine imebadili dini?"

"Mashine haina kosa, mama. Kosa ni langu. Niliharibu maji ya kuisomesha, nikawaletea jibu la uongo. Naomba mnione nikipima."

Nikapiga magoti, nikafungua chupa mpya, nikamimina kidogo kikombeni, nikaisomesha mita mbele yao nikieleza kila hatua. Nilipomaliza, nikayamwaga masalio chini. Wanawake wakaguna kwa pamoja.

"Unamwaga?" akauliza mmoja. "Maji mazuri hivyo?"

"Ndipo nilipokosea. Sikuyamwaga. Nilikuwa nayarudisha."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Wote waliokuwepo walikuwa na mitungi nyumbani.

Nikachovya kijiti kisimani. Nikamwonyesha mita yule mwenzao aliyesoma karatasi siku ile, naye akatamka namba kwa sauti. Ilikuwa juu ya kikomo.

Bi Mwanahawa akainama, akafunga tena uzi wa gunia, mafundo mawili. Wengine wakaanza kuyabeba magunia kichwani kuyarudisha. Hakuna aliyenitukana. Ningependelea kidogo matusi.

"Tutangoja mto uyafukuze haya," akasema. "Tutachelewa. Lakini mbegu ipo." Kisha akakaza macho. "Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Uliowapimia kwa maji yale. Au ni sie peke yetu?"

"Kumi na tatu, mama. Kumi na tatu wengine."

"Sasa unakaa hapa kufanya nini? Wahi boti, mwanangu."

Nikawahi boti. Alasiri ileile nilikuwa maabara. Niliichukua chupa ya zamani kutoka mtungini, nikasimama mbele ya karo. Mkono ulisita, nami nikaungoja. Kisha nikaipindua na kuiacha itiririke mpaka tone la mwisho. Nikabandika karatasi mpya ya grafu mlangoni mwa kabati, nikaweka nukta moja. Nikaketi, nikaandika barua kumi na tatu, moja baada ya nyingine, kwa mkono, zote zikianza kwa maneno yaleyale: jibu tulilokupa halikuwa sahihi, na kosa ni la mpimaji. Chini ya kila moja niliandika jina langu lote, nikazipeleka mezani kwa mkuu, nikabaki nimesimama hapo mpaka alipochukua muhuri.